Chapati si Chapati: Maneno Matatu ya Jikoni Yaliyotoka Asia

Katika mwaka wangu wa kwanza hapa Lubumbashi, wenzangu wawili wa darasa walinialika kula katika mkahawa mdogo wa Wahindi. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Nilipoona neno chapati katika orodha ya vyakula, nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Nikaletewa mkate mwembamba, mkavu, bila tone la mafuta. Nikamwita mwenye mkahawa: «Papa, hii si chapati.»

Akacheka. «Mwanangu, chapati ni hii. Ile yenu ya mafuta sisi tunaiita paratha.»

Nilikula kwa aibu, lakini swali lilinifuata hadi darasani: nani kati yetu alikuwa amekosea? Najaribu kulijibu hapa kwa maneno matatu.

1. Chapati: maana iliyohama

Katika nyumba nyingi za kaskazini mwa India, unga wa ngano hukandwa kwa maji, husukumwa ukawa mwembamba, kisha huokwa juu ya bamba la chuma liitwalo tava. Hiyo ndiyo chapati. Paratha hupakwa mafuta, hukunjwa na kusukumwa tena, ndiyo sababu ina matabaka. Mama yangu naye hupaka donge mafuta, huliviringa kama konokono, hulisukuma tena na kulikaanga. Kwa mapishi, anapika jamaa ya paratha. Kwa Kiswahili, anapika chapati. Jina la mkate mmoja lilihamia kwa mwingine. Sarufi nayo ikalipokea: chapati yangu, chapati zangu, na kwetu utasikia hata machapati.

2. Sambusa: sauti inayotoa ushahidi

Kihindi husema samosa. Kama tungalikopa huko moja kwa moja, sauti b ingetoka wapi? Kiajemi kina sanbusa na Kiarabu kina sanbusak. Kwa hiyo yaelekea neno letu lilipita kwa Waajemi na Waarabu. Kifaransa, kwa upande wake, huandika samoussa, bila b, karibu na Kihindi. Chakula ni kimoja, njia ni mbili.

3. Chai na thé: jani moja, njia mbili

Maneno haya yote mawili asili yake ni China. Katika lahaja nyingi za huko, jani hili huitwa cha. Umbo hilo lilipita nchi kavu hadi Uajemi, likawa chay, na ndilo jamaa ya chai yetu. Katika pwani ya Fujian watu husema te. Waholanzi walilibeba kwa meli katika karne ya 17, na Kifaransa kikapata thé. Mwanafunzi wa Kongo anayekunywa chai kwa mama yake asubuhi na kuagiza thé mjini jioni, ameunganisha njia hizo mbili bila kujua.

Jibu langu

Papa yule alisema kweli katika lugha yake, nami nilikuwa na haki katika yangu. Kosa langu lilikuwa kumsahihisha mtu kwa neno lililotoka kwao. Lakini kosa la pili ni kubwa zaidi, nami nimelisikia hata kwa wasomi: kudai kwamba maana ya asili ndiyo sahihi na yetu ni upotovu. Neno likishakopwa, maana yake huamuliwa na wale wanaolisema.

Nilirudi mkahawani wiki iliyofuata, nikaagiza paratha. Ilikuwa na ladha ya Bukavu.

Zoezi

Chukua pilau, achari, bajia na kachumbari. Kwa kila neno uliza: sauti gani imebaki au imebadilika? Maana gani imehama? Neno limepita kwa nani? Kabla ya kufungua kamusi, muulize anayepika nyumbani kwenu namna anavyokipika na jina analokiita, kisha mwulize mpishi Mhindi swali lilelile.