Asali ya wifi na ugali wa mama mkwe

Shangazi, nimeolewa hapa Magole, naishi na mama mkwe aliyekutwa na kisukari mwaka jana. Wifi yangu wa Dar es Salaam alimwambia gluteni ya ngano ndiyo inayopandisha sukari, akamtumia dumu la asali na kikopo cha vidonge vya kutia utamu kwenye chai. Tangu hapo mama hagusi chapati wala mkate. Anakula ugali wa muhogo sahani nzima, na uji anautia asali asubuhi na jioni. Wiki iliyopita kipimo kilisoma 17. Nikimpunguzia ugali anasusa, anasema namnyima chakula cha mwanawe. Wifi naye amenipigia simu kunifokea. Nimechoka.
Mkwe, Magole

Mwanangu, kwanza hiyo 17. Kama mama ana kiu isiyokatika, anakojoa kila mara, au ameanza kutapika na kulegea, mwahisheni hospitali leo hii, msisubiri tarehe ya kliniki. Na dawa zake asiziache hata siku moja.

Gluteni unaijua kwa mikono yako. Unapokanda unga wa chapati ukavutika bila kukatika, kinachovuta ndiyo hiyo. Ni protini, si sukari. Imo kwenye ngano na shayiri. Kwenye mahindi, mchele, mtama na muhogo haimo. Kinachompandisha mama ni wanga, na unga wa muhogo karibu wote ni wanga. Amekimbia chapati mbili, akaangukia mlima wa ugali.

Wapo ambao ngano inawaumiza utumbo kweli, wenye ugonjwa wa seliaki, na huonekana zaidi kwa wenye kisukari aina ya kwanza, kile ambacho mara nyingi huanza utotoni. Nadhani hapo ndipo wifi alipochanganya. Kama mama anaharisha muda mrefu au anapungukiwa damu, mwambieni daktari, na asiendelee kukwepa ngano kabla daktari hajasema, maana mtu aliyekwisha kuiacha kipimo kinaweza kumkuta mzima kumbe anaumwa.

Asali ni sukari. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 17 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai vya sukari. Najua inauma, kwetu asali ni dawa na ni zawadi ya heshima. Usiimwage. Iwekeni karibu na kitanda chake: akitetemeka na kutoka jasho, kipimo kikawa chini ya 4, kijiko kimoja kinamwokoa, mradi ana fahamu na anaweza kumeza. Vile vidonge hapo havisaidii kitu. Kwenye chai havina neno. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri watu wasivitegemee kupunguza uzito, lakini ushauri ule haukuwalenga waliokwisha kupata kisukari. Mimi ningemzoesha chai ya tangawizi na mdalasini, ulimi usahau utamu polepole.

Sasa sahani, maana ndiyo inayowagombanisha. Usimpimie peke yake. Mtu mzima aliyekuza watoto kwa ugali, ukimtengea kitonge huku wengine wakijaziwa, anasikia kwamba heshima yake imekwisha, na atasusa. Pakua sahani zote namna moja, ya mumeo na ya kwako pia: nusu matembele, mchicha au majani ya maboga, robo maharage, kunde au samaki, robo ugali, kiasi cha ngumi. Ukiweza usonge wa dona. Mboga iliwe kwanza. Na kwa vile mko jirani na mashamba ya miwa ya Mbigiri, mtu akija na pingili za muwa mkononi, mpokee vizuri ila uziweke mbali na mama.

Wifi si adui yako. Yuko mbali, mama yake anaumwa, anatuma anachokiweza. Mwombe atume mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake. Mpime mama asubuhi kabla hajala, na tena saa mbili zikipita baada ya chakula, uandike kwenye daftari alichokula na namba iliyotoka. Baada ya wiki mbili mpigie wifi wewe mwenyewe, umsomee daftari lote, na mama awe amekaa pembeni yako anasikia.