Hadithi ya Akhwari na Somo la Kudumu Katika Nia

Mwalimu mwanachuo atakiwapo kufundisha udumifu katika nia, mara nyingi humkimbilia John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mkimbiaji huyu wa Tanzania alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea. Alipoingia uwanjani akichechemea, ilikuwa imepita zaidi ya saa moja tangu Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walioanza mbio walikuwa 75. Waliomaliza 57, naye alikuwa wa mwisho wao.

Hadithi ni njema. Walakini ikifundishwa hivyo tu, twaona ina kasoro: humwachia mtoto mshangao, wala haimwachii kazi ya kufanya kesho. Mtoto wa Darasa la Tano hataanguka Mexico City. Atachoshwa na jedwali la saba, au atasinzia juu ya kitabu. Nayo hadithi imekwisha kumwaminisha kwamba kudumu ni jambo la siku moja, lenye damu na makofi ya watazamaji.

Kwa hiyo hadithi yafaa iendelezwe. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Akhwari alikimbia tena marathoni, akawa wa 5. Habari hii husimuliwa mara chache, nasi twaiona kuwa na manufaa zaidi darasani. Mwalimu na aulize: Baina ya miaka hiyo miwili, mtu huyu alikuwa na kazi gani ya kufanya siku ambazo hakuna aliyemtazama? Wanafunzi wajibu kwa muda mrefu. Hapo ndipo somo linapoanza.

Kisha kila mwanafunzi achague jambo moja la robo saa, alidumishe wiki mbili: kusoma ukurasa mmoja, kufanya hesabu tatu, kumwagilia mche. Asiandike “kila jioni,” maana jioni haina mwanzo unaojulikana. Aandike “baada ya kuosha vyombo,” au “kabla ya kufungulia mbuzi.” Jambo jipya hushikamana vema na kazi ambayo tayari ina mahali pake. Siku ikimponyoka, aandike sababu, kesho yake aendelee na kipimo kilekile. Asilipe deni, kwani madeni yakirundikana mtoto huacha yote.

Kuhusu kumbukumbu, sisi wenyewe tulikosea. Tulibandika ukutani chati yenye majina ya darasa zima, na aliyeshindwa akawekewa alama nyekundu. Kufika siku ya nne, karibu kila mtoto alidai ametimiza, hata wale tuliojua hawakugusa kitabu. Tulikuwa tunafundisha uongo kwa bidii. Msichana mmoja tu aliendelea kupata nyekundu. Tulipomwuliza faraghani, alisema huchota maji hadi usiku. Tulikuwa tumemwaibisha kwa sababu ya ukweli wake. Tuliibandua chati. Tangu hapo kila mtoto hutunza kadi yake ndani ya daftari, na mwalimu huomba kuonyeshwa. Yule msichana tulimhamishia robo saa yake asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, akaendelea hadi mwisho wa wiki mbili.

Mwalimu naye awe na kadi. Twapendekeza nia moja iliyo ndogo, ambayo twajua jinsi inavyotushinda: kujaza sehemu ya tathmini katika andalio la somo siku ileile, kabla ya kutoka darasani. Wengi wetu tumepata kuzijaza tathmini za wiki nzima kwa usiku mmoja, tuliposikia mkufunzi anakuja, tukiyabuni yale ambayo wanafunzi walishindwa kuyaelewa. Watoto wakijua mwalimu ana kadi, wataomba kuiona. Na awaonyeshe, pamoja na siku zilizomponyoka.