SOMO LA ROBO HII: MTIKISIKO WA BARUTI NA NYUFA ZA NYUMBA ZETU



Safari hii tunajifunza jambo linalowagusa wenzetu wanaoishi jirani na migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ilifanywa mkoa mwaka 2012. Kwa miaka mingi wakazi wa Katoma na Nyamalembo, jirani na mgodi huo, wamelalamika kuwa ulipuaji unapasua nyumba zao.

Katika vikao vya malalamiko ya aina hii nimeona jambo moja likijirudia. Mwananchi anaonyesha ufa ukutani. Mtaalamu anauliza, "Ulianza lini? Mwaka jana ulikuwa na upana gani?" Hapo hoja inakwama, hata kama mlalamikaji ana haki.

Mtikisiko hutoka wapi?

Mgodi wa wazi hutoboa mashimo katika mwamba, huyajaza baruti na kulipua. Sehemu ya nguvu hiyo huvunja mwamba. Nyingine husafiri kama mawimbi ardhini na hewani. Wimbi la hewani ndilo hutikisa madirisha na mabati. Ukubwa wa mtikisiko hutegemea kiasi cha baruti inayolipuka kwa mpigo mmoja, umbali, na aina ya ardhi. Ndiyo maana mashimo hulipuliwa kwa kupishana kwa sehemu ndogo sana za sekunde.

Je, kuusikia ni kuharibikiwa?

Hapana, si lazima. Mtikisiko hupimwa kwa kifaa maalumu, kwa milimita kwa sekunde. Mtu anaweza kuusikia hata ukiwa chini ya milimita 1, wakati kiwango cha Ujerumani kwa nyumba za kawaida za kuishi huanzia milimita 5. Lakini kiwango hicho kiliwekwa kwa nyumba za huko, siyo za tofali za udongo zisizo na lenta.

Tena ufa una sababu nyingi. Msingi unaweza kuwa mfupi. Udongo mweusi wa mbugani huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Hata tetemeko la asili la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilisikika mpaka Mwanza. Kwa hiyo ufa peke yake hausemi nani kaufanya. Kumbukumbu ndizo husema.

Tufanye nini?

1. Piga picha kuta zote sasa, hata zisizo na ufa, na uandike tarehe.
2. Weka alama ya penseli kila ufa unapoishia na upime upana wake kwa rula. Rudia kila mwezi.
3. Andika katika daftari siku na saa ya kila mlipuko uliousikia.
4. Kupitia serikali ya mtaa, ombeni kwa maandishi ratiba ya ulipuaji na vipimo vya mtikisiko vilivyochukuliwa karibu na makazi yenu.
5. Msipojibiwa, pelekeni barua na nakala za daftari kwa ofisi ya Tume ya Madini mkoani na kwa NEMC.

Maswali ya kujadili kikundini

Nani mtaani kwetu anaweza kutunza daftari la pamoja? Mjane au mzee asiyejua kuandika atasaidiwa na nani?