Kutoka Wandegeya Hadi Kituo cha Afya Kijijini

Swali: Nasomea udaktari Makerere, nakaa hosteli Wandegeya. Natumwa kituo cha afya kijijini chini ya COBERS, mpango wa kuwapeleka wanafunzi kujifunza na kuhudumu katika jamii. Siku zitakuwaje huko?

Jibu: Mwanangu, rolex ya usiku, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, utaikosa; huko ni posho (ugali) na maharagwe. Alfajiri utachota maji kwa dumu la lita 20, kisha kliniki ya wajawazito au chanjo chini ya mwembe. Lakini kazi yenyewe ni kufuatana na wahudumu wa afya wa kijiji (VHT) nyumba kwa nyumba. Wao wanamjua mama aliyeacha kuleta mtoto kliniki, na sababu yake. Usitangulize daftari: salimia, kaa mkekani, uliza habari za shamba, sikiliza. Na tafadhali, usimwahidi mtu dawa ambayo kituo hakina.