Saa za Kazi Zikihama, Zisiongezeke

Siku hizi kazi nyingi za maendeleo hufanyika nje ya ofisi. Afisa mradi anaweza kuandika taarifa akiwa nyumbani, na kupokea kwa WhatsApp picha za kisima kinachojengwa kijijini. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo hukutana wanachama wakishatoka shambani, mara nyingi jioni au Jumamosi. Sisi tunaoratibu miradi tunajua kwamba uhuru huu wa saa unasaidia kazi. Lakini usipowekewa mipaka, siku ya kazi haina mwisho. Katika somo hili tunaangalia wajibu wa kiongozi katika kuweka mipaka hiyo.

Hesabu ya wiki moja

Tuchukue mfano wa afisa anayefanya kazi saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kupumzika saa moja mchana. Hizo ni saa 40. Jumamosi anatembelea kikundi: saa 4 pamoja na safari. Jioni mbili anamalizia taarifa nyumbani: saa 4 nyingine. Tayari ni saa 48, na bado hatujahesabu ujumbe aliojibu wakati wa chakula cha usiku. Hakuna aliyemwamuru kufanya kazi saa 48. Zimejikusanya kidogo kidogo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zinazohitaji makubaliano na kulipwa mara moja na nusu. Mfanyakazi anastahili pia mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila wiki. Hata hivyo, sheria haikatazi kubadili mpangilio. Kwa makubaliano ya maandishi siku inaweza kufikia saa 12, mradi siku za kazi zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Yaani saa zinaweza kuhama bila kuongezeka.

Kiongozi hutazamwa

Kiongozi anapotuma ujumbe saa 4 usiku, hata akiandika kwamba si haraka, aliye chini yake huusoma kama agizo. Anayejibu papo hapo huonekana mchapakazi. Aliyekuwa akiuguza mtoto huonekana mzembe. Kina mama, ambao jioni kazi za nyumbani zinawasubiri, huumia zaidi. Waraka uliobandikwa ukutani hauna nguvu mbele ya mazoea ya mkuu.

Kiongozi mwenyewe yumo hatarini. Vifungu vya saa za kazi kwa kawaida havimlindi anayesimamia wafanyakazi wengine na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mpaka wake hana budi kuuweka mwenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi na kufa kwa ugonjwa wa moyo.

Mambo ya kukubaliana

• Saa za kupatikana. Kwa mfano, kila mmoja apatikane saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Saa zinazobaki azipange kulingana na kazi yake.

• Maana ya dharura. Ajali ya pikipiki ni dharura. Takwimu zinazohitajika wiki ijayo si dharura. Kwa dharura tupige simu. Mengine yasubiri asubuhi.

• Kurudisha muda. Anayekwenda kikundini Jumamosi apunguziwe saa ndani ya wiki hiyo hiyo. Jambo hili liandikwe kwenye mpango kazi, asiliombe kama fadhila.

• Likizo kamili. Siku 28 za mwaka zipangwe mapema, na kazi ikabidhiwe kwa mtu anayejulikana, ili aliye likizo asipigiwe simu.

• Kipimo cha kazi. Tupime vikundi vilivyotembelewa na taarifa zilizokamilika, si kasi ya kujibu ujumbe.

Kiongozi awe wa kwanza kuyashika haya. Akiandika barua pepe usiku, aipange iondoke asubuhi.

Maswali ya majadiliano

1. Wiki iliyopita kila mmoja wetu alifanya kazi saa ngapi, tukihesabu na za nyumbani?

2. Ni ujumbe gani wa usiku ungeweza kusubiri? Nani aliutuma?

3. Someni Kutoka 18:13–23. Yethro aliona hatari gani kwa Musa, na gani kwa watu? Katika ofisi yetu, nani anaweza kumwambia kiongozi maneno kama hayo?