Kijiwe Kidogo cha Figo na Dawa ya Kihindi

Anayeinama kutwa kwenye mpunga wa bonde la Bugarama nchini Rwanda, hapo chini ya Gitambi, hutoka jasho jingi na kunywa maji kidogo. Mkojo wake huwa mzito, rangi ya chai, na chumvi zilizomo huanza kugandana kuwa kijiwe cha figo. Maji moto ya Amashyuza, Nyakabuye, yamejijengea mawe ya chokaa kwa namna kama hiyo, tone kwa tone. (Kuyanywa hayo hakuyeyushi kijiwe.)

Maumivu huanza nyuma ubavuni, yakashuka hadi kinenani. Mgonjwa hatulii: akilala anainuka, akisimama anajikunja. Mkojo huweza kuwa na damu.

Tiba ya Kihindi, Ayurveda, huita maradhi haya ashmari. Kwa karne nyingi imetumia magome ya mti wa varuna, mchuzi wa mbegu za jamii ya kunde ziitwazo kulatha, na gokshura, ambayo ni mbigili yetu yenye miiba. Hatuidharau. Ila kuna jambo muuzaji hulinyamazia: vijiwe visivyozidi milimita 5, takriban viwili kati ya vitatu hutoka vyenyewe. Mtu akila unga wa dawa wiki tatu huku anakunywa maji mengi, kijiwe kikitoka atausifu unga. Maji hayana mpiga debe.

Kinachotutia hofu ni unga usiojulikana umechanganywa na nini. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti: karibu moja kati ya tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Nyingine hutiwa madini kwa makusudi, maana tawi moja la tiba hiyo, rasa shastra, hutumia madini yaliyochomwa. Risasi na zebaki huharibu figo hizo hizo unazotaka kuziponya. Ukiamua kutumia dawa, mwonyeshe daktari kopo lake.

Ukubwa wa kijiwe haujulikani kwa kubonyeza ubavu. Anzia kituo cha afya ukiwa na mituweli, yaani bima yako ya afya. Ikihitajika utapewa rufaa hospitali, kama ile ya Mibilizi. Ukipata homa na kutetemeka, mkojo ukizuilika, ukitapika kila unachokunywa, au ukiwa mjamzito, nenda usiku huo huo.

Kijiwe kikiwa kidogo, kunywa maji mpaka ukojoe lita 2.5 kwa siku. Ndimu ikikamuliwa humo ni vizuri zaidi. Punguza chumvi. Maziwa usiyaache. Dodo, yaani mchicha, zina asidi inayojenga vijiwe, basi zipike na isambaza, yaani dagaa: kalisi ya samaki huikamata asidi hiyo tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Kojoa kwenye kopo, kisha pitisha mkojo kwenye kichujio cha chai, ambacho hakitarudi tena jikoni. Ukiona kitu kama chembe ya mchanga, kikaushe, kifunge kwenye karatasi, uende nacho kwa daktari.