Somo la vikundi: Kijana mwenye kipaji akimaliza shule

Kila mwaka matokeo ya mitihani yakitoka, swali hili huja mikutanoni. Kijana fulani masomo hakupata sana, lakini uwanjani ni moto. Ati kuna timu mahali inamtaka. Je, kikundi kimchangie nauli? Mwezi huu tujifunze kwa safari ya kijana mmoja wa Afrika Kusini, katika mchezo ambao wengi wetu hatuujui.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Unafanana na ile raunda ya shuleni: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, halafu anakimbia. Marekani watu wanalipwa kwa kazi hii.

Gift Ngoepe alizaliwa mwaka 1990 mjini Pietersburg, ambao siku hizi unaitwa Polokwane. Mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, na waliishi katika chumba kidogo hapo hapo klabuni. Kwa hiyo mtoto akifungua mlango, uwanja uko mbele yake. Hapo ndipo alipojifunzia.

Sasa angalieni njia. Kijana wa Marekani akimaliza sekondari anaweza kuchaguliwa na klabu katika uteuzi wa kila mwaka. Akienda chuo kikuu cha miaka minne, kwa kawaida hungoja mpaka mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Wa kwetu Afrika hayumo katika uteuzi huo. Yeye hutia sahihi moja kwa moja na klabu ikimpenda. Ngoepe alionwa mwaka 2008 kwenye chuo cha mafunzo huko Tirrenia, Italia, ambako mmoja wa makocha alikuwa Barry Larkin, nyota wa zamani wa Cincinnati. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 18, alitia sahihi na Pittsburgh Pirates.

Hapo ndipo kijiji kingechinja mbuzi. Kumbe kazi ilikuwa haijaanza! Klabu hizo zina timu za chini, ngazi juu ya ngazi, na kijana huanzia ile ya mwisho. Ngoepe alianza Florida mwaka 2009. Mikononi alikuwa hodari sana, mpira haumpiti, lakini gongo lilimsumbua mwaka baada ya mwaka. Mshahara wa timu hizo siku zile ulikuwa mdogo tena wa miezi ya msimu tu. Msimu ukiisha wengi walitafuta vibarua. (Wachezaji hao walipata mkataba wa kwanza wa chama chao mwaka 2023, na malipo yakapanda.) Mwaka 2013 mama yake alifariki, naye mwana bado yuko ngazi za chini.

Alipandishwa ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa Afrika kufika huko. Mara ya kwanza kushika gongo, mbele ya mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs, aliupiga mpira vizuri akafika kituo cha kwanza. Mwaka huo alicheza mechi 28. Mwaka 2018 alicheza 13 na Toronto, na ligi kuu ikaishia hapo.

Miaka minane ya kupanda, mechi 41 juu. Sisi hatusemi alipoteza wakati. Wengi walioanza naye hawakuona hata moja. Lakini mzazi ajue hesabu hiyo kabla ya kuuza ng'ombe.

Na hili tulitilie mkazo: klabu ya kweli ikimtaka kijana, klabu ndiyo inayompa yeye pesa. Akija mtu na barua nzuri, anataka "ada ya usajili" kutoka kwa kikundi, mwulizeni ni klabu gani, nanyi wenyewe mpige simu huko, si kwa namba aliyowapa yeye.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kijana wetu akirudi baada ya miaka minane bila kitu, atakuwa na kazi gani mkononi? Tunaweza kumwanzishia sasa?

2. Mama Maureen hakuwa na pesa za kumpa mwanawe. Alimpa nini?

3. Kikundi kikichanga, ni msaada au ni mkopo? Iandikwe kwenye daftari kabla hajaondoka.